Mahari ya Tasnifu

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa kuwa mshenga, niende kumposea mume wangu mke wa pili. Mume wangu tulimzika masika yaliyopita, lakini katika ndoto jambo hilo halikuwa kizuizi. Mama mkwe alisema tu, "Kufa kusimcheleweshe. Amechelewa vya kutosha."

Mchumba mwenyewe nilikuwa namfahamu. Alikuwa tasnifu yake ya udaktari.

Sikushangaa. Miaka yote ambayo mume wangu, Andongolile, aliiandika tasnifu ile, ya ugonjwa wa magimbi, mimi niliiita mke mwenzangu. Anarudi kutoka chuo cha ualimu alikofundisha, anakula, anamuuliza mtoto wetu Lugano habari za shule, kisha anaingia kwake. Nikipeleka chai nawakuta wameinamiana. Nilikuwa nikisema, "Msalimie bibi harusi," naye ananijibu bila kuinua kichwa, "Anasema asante kwa chai."

Aliimaliza. Akahojiwa, akapita. Kilichobaki kilikuwa ada ya mwisho, maana chuo kikuu hakisomi jina la mtu mwenye salio. Tukachangisha, mama mkwe akapeleka, kisha ugonjwa ukamwahi mwenye jina. Siku ya mahafali hawakumsoma. Tulipouliza tukaambiwa kuna kidogo kimebaki, na sisi hatukuelewa kimebaki kutoka wapi.

Kwa hiyo katika ndoto nilivaa haraka.

Mshenga kwetu huwa mwanamume mwenye maneno mengi na uvumilivu wa kukaa. Nilimuuliza mama mkwe kwa nini nimechaguliwa mimi.

"Wanaume wote wameenda kuangalia mpira," akasema. "Na wewe mchumba unamjua tabia."

Tunatoka. Mbele inatangulia michai ya mama mkwe, ile ya shamba lake la mteremkoni. Imeng'oka kwa adabu, imepanga foleni, na inatembea huku ikijichuma yenyewe na kutia majani kwenye vikapu.

"Majani mawili na chipukizi," mama mkwe anaikumbusha. "Msilete magumu."

Mchai mmoja unageuka. "Mama, tumejichuma kwa ajili ya Andongolile tangu yuko darasa la kwanza. Unatufundisha leo?"

Nyuma inakuja cherehani yangu. Imebeba mabegani sare za shule za watoto wa watu, na inapiga pindo huku ikitembea, kwa kuwa mwenye sare alisema atazipitia jioni.

Tukiwa bado karibu na nyumbani, anajiunga nasi mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu. Anajitambulisha kuwa yeye ni Ufadhili. Ana adabu sana. Anachukua vikapu vyote peke yake, ananinunulia soda, na penye matope anamshika mama mkwe mkono.

"Huyu ni mtu mzuri," mama mkwe ananinong'oneza. "Angekuwa na dada, tungeposa na huko."

Tunafika penye mwanzi uliosimikwa katikati ya barabara. Ufadhili anatua vikapu na kukung'uta suti.

"Mimi mwisho wangu ni hapa."

"Kaka, mbona ni nusu ya njia?"

"Najua, dada. Nilipangiwa miaka mitatu. Waliopima njia hii hawakuwahi kuipita."

"Na wanaobaki na nusu iliyobaki wanafanyaje?"

"Huniandikia barua. Mimi husoma, hulia, basi." Akalia kweli, machozi safi ya mtu wa ofisini. Akampigia goti mama mkwe, akaingia ndani ya mwanzi na hakutoka.

Hatua chache mbele tunakuta ng'ombe aliyenona, amefungwa kando ya njia, anatabasamu.

"Mimi ni Mkopo," akasema. "Nipelekeni mimi mahari. Mtanirudisha baadaye."

"Tukurudisheje, nawe umeshatolewa mahari?"

"Hilo ni swali zuri," akajibu, akaanza kutembea.

Nilimtambua kwa sauti. Ndiye aliyekuwa akilala mlangoni kwetu kila mwisho wa mwezi, akaupokea mshahara kabla yetu. Hatukuwa na mwingine, tukamswaga. Kila nikigeuka, nyuma yake kuna ndama mpya.

"Hawa wa nani?" nikamuuliza.

"Wa mwenyewe aliyenikopesha. Ninyi kazi yenu ni kuwalisha."

Mama mkwe akawatazama ndama kwa jicho la huruma. "Maskini, hawana kosa," akasema, akawapa ndizi.

Chuo kikuu kilikuwa jikoni kwangu. Ukipita mlango wa jiko unakuta ukumbi mrefu wenye dari ya juu, ila mafiga yangu yako palepale katikati, na birika langu liko juu yake. Wajomba wa bibi harusi walikuwa wameketi kwenye mkeka, watatu. Wa kwanza alikuwa Kabati la chuma lenye droo nyingi. Wa pili alikuwa Muhuri, mnene kama kinu. Wa tatu alikuwa Kalamu Nyekundu, amekunja mikono, anatutazama miguu.

"Hodi," nikasema.

"Hodi ina ada yake," likasema Kabati. "Inaitwa usajili."

Mchai ukatua kikapu. Droo ikafunguka, ikameza, ikafunga.

"Karibuni. Semeni."

Nikafungua mdomo.

"Kufungua mdomo nako kuna ada."

"Hata kwetu ipo," mama mkwe akasema kwa kuridhika, akatoa kikapu cha pili. "Hawa ni watu wenye mila. Nilikuwa na wasiwasi."

Wakadai blanketi la bibi. Nikauliza bibi yupi. Wakasema, maktaba. Akaletwa kikongwe aliyejaa vitabu hadi mabegani, anatetemeka kwa baridi. Nikamfunika. Akaniambia kuna kitabu ambacho Andongolile hakukirudisha, lakini nisijali, alikuwa akikishika kwa mikono mikavu.

"Kuna na ya kuchelewa," Kabati likaendelea. "Binti huyu aliposwa zamani. Kila mwaka unaopita bila harusi, mahari inapanda."

"Kwa nini ipande, Mjomba? Angekuwa anazeeka, ingeshuka."

"Huyu hazeeki. Kila mwaka anaongezeka sura."

Mama mkwe akacheka. Kalamu Nyekundu ikanyanyuka, ikampigia mstari chini ya miguu.

"Faini. Amecheka mbele ya wakwe."

"Nimecheka kidogo tu, baba."

"Ndiyo maana nimepiga mstari mmoja." Kisha ikanigeukia mimi. "Na pengo liko wapi? Hatuozi bila kuona pengo."

Hilo nililijua. Andongolile aliwahi kunieleza kwamba anayetaka udaktari lazima kwanza aonyeshe pengo, mahali ambapo wenye elimu wote hawajaweka kitu. Nilikuwa natafuta maneno, mama mkwe akafungua kinywa na kuonyesha palipokosa jino.

Kalamu ikainama, ikachungulia muda mrefu.

"Pengo la kweli," ikasema. "Halijajazwa na mtu yeyote. Endeleeni."

Ng'ombe Mkopo akaingizwa droo ya chini, pembe zikabaki nje. Ndama wake wakabaki na sisi.

Ndipo wakaleta mabibi harusi watatu, wamefunikwa khanga gubigubi, tumtambue wetu. Nikanusa. Wa kwanza alinukia karatasi mpya. Wa pili alinukia duka la fotokopi. Wa tatu alinukia moshi wa jiko langu na chai iliyomwagika.

"Huyu," nikasema.

Khanga ikafunuliwa. "Shikamoo, mke mkubwa," akasema Tasnifu.

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Walinipunguza kurasa. Wakasema nina maneno mengi kuhusu mizizi."

"Aliipenda mizizi."

"Ndiyo. Aliandika kuhusu magimbi ya mama yake kwa upole mpaka wakamwambia hiyo si sayansi." Akafungua ukurasa mmoja kunionyesha. "Hapa alisinzia juu yangu. Hii alama ni ya shavu."

Niliigusa. Ilikuwa shavu la kushoto, lile lenye ndevu chache.

"Kwa nini hukuniita nije nimfunike?" nikauliza.

"Nilimfunika mimi. Kurasa nilikuwa nazo."

Sikuwa na kinyongo naye tena.

Kabati likafunga droo zote, likajumlisha kimoyomoyo, likasema, "Imebaki kidogo."

"Mjomba," nikasema, "haiwezekani. Hii ya mwisho tulileta yote. Waumini walichanga, walimu wenzake walichanga, hata fundi viatu wa stendi alichanga na akakataa kuandikwa. Mama aliipeleka mwenyewe kwa mkono wake."

Wote wakamtazama mama mkwe. Mama mkwe akalitazama birika.

"Mama?"

"Nini?"

"Ulilipa yote?"

"Nililipa kama mtu aliyelelewa," akasema. Akafungua fundo la khanga yake. Ndani mlikuwa na noti chache, zimekunjwa vizuri, zimelainika kwa kukaa. "Mahari haimalizwi, Mama Lugano. Nani amekufundisha kumaliza mahari? Ukimaliza, umenunua. Wakwe watasema, hawa wametupa chetu chote ili wasitujue tena. Niliacha kidogo, waone kwamba tutarudi. Sikutaka mwanangu aonekane mtu wa kujivuna mbele ya chuo kizima."

"Mama, ile ilikuwa ada."

"Ada, mahari, mtu anakupa kilicho chake cha thamani na wewe unatoa shukrani. Tofauti yake nini?"

Kwetu wanamdai Andongolile mbuzi mmoja mpaka leo. Kila tulipokwenda kusalimu, baba yangu alimuuliza, "Mkwe, yule mbuzi yuko wapi?" naye anajibu, "Baba, yuko njiani, anachechemea," wakacheka mpaka chakula kikapoa. Mbuzi yule asingefaa kuletwa. Angeharibu kila kitu.

Mtu akakohoa nyuma ya mvuke wa birika.

Andongolile ameketi kwenye benchi la wahitimu, amevaa joho linaloishia magotini. Wenzake wamejaa mbele. Yeye yuko mwisho kabisa, upande wa mlango, penye upepo.

"Mama Lugano," anasema. "Mmekuja na mvua?"

"Tumekuja na michai."

"Ndaga," akaishukuru michai kwa Kinyakyusa, na michai yote ikainamisha vichwa kwa haya.

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu masika. Birika linasoma majina, langu linaliruka. Si kwa ubaya. Linasema, huyu bado kidogo."

Ni kweli, birika ndilo lililokuwa likisoma. Kila mvuke ulipotoka, jina moja lilitoka nao, na mtu mmoja aliinuka kwenye benchi na kwenda zake akiwa Daktari. Maji yalikuwa yameanza kukauka. Nilisikia kwa mlio wake. Birika langu nalijua. Majina yaliyobaki hayakuwa mengi.

Mama mkwe alipomwona mwanawe kule mlangoni, aliwasukuma ndama kando. Akazinyoosha noti. "Zichukueni. Zichukueni zote. Sikujua kwamba mtamweka penye upepo."

Kabati likafungua droo moja nyembamba ambayo sikuwa nimeiona.

"Hii ikiingia, salio ni sifuri," likasema. "Jina linasomwa, faili linafungwa. Na faili likifungwa humu halifunguliwi. Hatutawadai, hamtatudai, hatutajuana."

Tasnifu akanishika mkono. "Mke mkubwa, usikubali. Nikimalizwa nitapandishwa rafu ya juu. Hakuna mtu atakayekuja kuuliza habari zangu. Wala zake."

"Na tusipotoa?"

"Atabaki mlangoni."

Nilimtazama Andongolile. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikikata kitambaa cha mtu: kimya, pumzi ameibana, asije akanitoa mkasi kwenye mstari.

Birika likatoa jina jingine. Mtu wa mbele yake akaondoka. Sasa kwenye benchi alikuwa yeye peke yake.

"Wajomba," nikasema, "mshenga anaomba kuuliza."

"Kuuliza kuna ada."

Cherehani ikang'oa kipande cha pindo, ikatoa.

"Uliza."

"Ninyi mmeoa?"

Wakatazamana. "Tumeoa," Kabati likajibu. "Watu wazima kama sisi!"

"Mlimaliza mahari?"

Ndama mmoja akapiga chafya.

"Mimi bado ng'ombe mmoja tu," Muhuri ukasema hatimaye. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Wa mama."

"Mimi nusu," likasema Kabati. "Lakini tulikubaliana kwa maneno."

Kalamu Nyekundu ilikuwa imeona haya, ingawa kwa rangi yake huwezi kujua. "Mimi nadaiwa blanketi la bibi," ikasema. "Na bibi mwenyewe ameshafariki."

"Na mkienda ukweni mnaitwaje?"

"Wakwe."

"Hamwitwi wadaiwa?"

"Siku za sherehe tu," Kabati likasema. "Shemeji zangu wakishashiba."

"Mnakaa mlangoni?"

"Tunakaa ndani. Tunapewa firigisi."

"Basi na huyu mpeni jina lake akae ndani," nikasema. Sikuketi, maana mshenga haketi kabla ya kumaliza. "Salio mwachieni mama yake fundoni. Kila michai ikichipua tutakuja kuwasalimu. Tutaleta kidogo, na kidogo tutabaki nacho. Mtatuuliza kiko wapi, nasi tutasema kiko njiani. Hivyo ndivyo watu wanavyojuana."

Wajomba wakainamiana. Birika likaanza ule mlio wa maji yanayokwisha. Mama mkwe amenishika khanga kwa nyuma, kwa nguvu, kama ananizuia nisiruke.

Kabati likafungua droo zake zote kwa mpigo. Nikaelewa kwamba ndivyo linavyoshusha pumzi.

"Mshenga amesema," likasema. "Hapa hakuna mwenye ubavu wa kumcheka mwenzake. Muhuri, fanya kazi yako."

Muhuri ukaruka juu ya Tasnifu, mara moja, kwa heshima. Tasnifu akasema "Ai!" na kujitengeneza khanga.

Birika likavuta pumzi ya mwisho. "Daktari Andongolile Mwakalobo," likasoma. Halikukwama popote. Lilitamka jina lote, silabi kwa silabi, kama linavyotamkwa nyumbani, tofauti na wageni ambao huliishia katikati na kuomba radhi.

Akainuka. Chini ya joho alikuwa amevaa ndala.

"Mama Lugano, wamesema Daktari."

"Nimesikia."

"Nilidhani nitajisikia tofauti."

"Unajisikiaje?"

Akafikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila alipoulizwa jambo. "Njaa," akasema.

Nikamnyoosha kola. Ilikuwa na joto la shingo. Akamshika Tasnifu mkono, akamwinamia mama yake, akasema, "Mama, umenipa njia nzuri," na mama yake akamwambia asiongee sana, atashikwa na baridi.

Jiko likawa shamba la mteremkoni. Michai ilikuwa imekwisha kurudi kwenye mashimo yake, na Daktari na bibi harusi wake walikuwa wanashuka katikati ya mistari.

Mama mkwe akanigeukia. "Mfiwa anaruhusiwa vigelegele?"

"Sijui, Mama. Sina hakika."

"Basi tutaulizana baadaye."

Akavua kilemba, akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele. Kilikuwa kirefu. Ndege waliruka kutoka kwenye michai. Ndama walikimbia. Chini kule Andongolile akageuka, akavua kofia yake ya udaktari, akaipunga. Mama mkwe akapiga cha pili, na cha baada yake, na hakupumzika, maana kila alipopumzika mwanawe alisimama kungoja, na mama alitaka afike. Akapiga mpaka joho likawa doa jeusi, mpaka doa likawa mahali tu ninapopatazama. Bado alikuwa anapiga.

Niliamka kumekucha. Mvua ilikuwa imekatika na bati lilikuwa linadondosha matone ya mwishomwisho. Mama mkwe, anayelala chumba kimoja nami tangu msiba, alikuwa ameketi kitandani kwake, ameshika koo.

"Umeamkaje, Mama?"

Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu tena, ukatoka mkwaruzo. Nikaenda jikoni, nikamletea maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Akasukutua, akatema dirishani, akapangusa midomo kwa kiganja.

"Sijui nimelalaje," akanong'ona. "Utadhani nimetoka harusini."